Lenzi za Kulala Nazo kwa Mtoto Asiyeona Mbali: Mwongozo kwa Mzazi wa Nairobi

Lenzi za kulala nazo, ambazo madaktari wa macho huita ortokeratolojia, huvaliwa mtoto anapopanda kitandani na kutolewa anapoamka, kisha mtoto huona ubaoni siku nzima bila miwani. Hivyo ndivyo zinavyonadiwa, na si uongo. Hata hivyo, mzazi anayezinunua kwa ajili ya hilo pekee ameikosa shabaha, kwa sababu faida yenye uzito ni kupunguza kasi ya kurefuka kwa jicho katika miaka ambayo mwili wa mtoto ungali unakua. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani, usiku na alfajiri, mikononi mwa mzazi mwenyewe, mwongozo huu utakaa zaidi kwenye sinki, kitandani na katika ratiba ya familia kuliko katika chumba cha daktari.

Kinachotokea ndani ya jicho

Kwa kawaida mtoto asiyeona mbali ana jicho lililorefuka kupita kiasi kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo picha ya vitu vya mbali hukusanyika kabla ya kuifikia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Milimita moja ya urefu wa ziada inalingana na takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) 2.5 hadi 3, na urefu huo ukishapatikana haurudi. Miwani ya kawaida humwezesha mtoto kuona vizuri lakini haizuii jicho kuendelea kurefuka, wala si kweli, kama wasemavyo jirani wengi, kwamba miwani ndiyo inayoharibu macho. Hofu ya madaktari ni ya miaka ijayo: jicho refu sana hubeba retina iliyovutwa ikawa nyembamba, na mwenye jicho hilo akifika utu uzima huwa katika hatari kubwa zaidi ya kubanduka kwa retina, ya glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, na ya kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina, ile anayoitumia kusoma na kutambua nyuso.

Lenzi ya usiku ni ngumu, ndogo, na imetengenezwa kwa kitu kinachopitisha oksijeni, maana konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, hupata hewa kidogo sana jicho likiwa limefumbwa. Uso wake wa ndani ni bapa zaidi katikati kuliko konea yenyewe. Mtoto akiwa usingizini, utando mwembamba wa machozi ulio chini ya lenzi husukuma seli za tabaka la juu la konea, tabaka ambalo kwa jumla lina unene wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 50 hivi, zijipange upya kwa maikroni chache: katikati panakuwa bapa, na kuizunguka sehemu hiyo panainuka kidogo. Sehemu bapa ndiyo inayompa mtoto uoni safi wa mchana. Ule mwinuko unaoizunguka hubadilisha jinsi mwanga wa pembeni unavyoangukia retina, na wataalamu wengi wanaona kwamba hapo ndipo jicho linapopata ishara ya kupunguza mwendo wa kurefuka. Mtoto akiacha kuvaa, konea huanza kurudia umbo lake la awali.

Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012, watoto wa miaka 6 hadi 10 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa miwani ya kawaida na wengine lenzi za usiku. Baada ya miaka 2 macho ya wavaa miwani yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.63, na ya wavaa lenzi kwa milimita 0.36. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini tazama vizuri: hata wavaa lenzi waliendelea kurefuka macho. Kwa hiyo mtu yeyote, katika jengo lolote la jiji hili, akikuahidi kwamba lenzi hizi zitamponya mtoto wako, mshukuru na uondoke.

Mtoto anayefaa, na asiyefaa

Wanaofaidika zaidi ni watoto walioanza kutoona mbali mapema, tuseme kabla ya miaka 10, na ambao nguvu ya miwani yao hupanda kila mwaka. Lenzi hufanya kazi kwa urahisi zaidi kwa nguvu za kati ya dayopta -1 na -4. Zaidi ya hapo hadi -6 inawezekana kwa lenzi na mikono mizuri, lakini matokeo hayatabiriki vilevile, na astigmati kubwa, yaani konea isiyo na mviringo sawa pande zote, huifanya lenzi ikae kando badala ya katikati.

Kuna jambo moja ambalo mzazi wa huku lazima alipe uzito kuliko mzazi wa Ulaya. Mzio wa macho ni wa kawaida sana kwa watoto wa Afrika Mashariki: macho yanawasha, yanakuwa na rangi ya udongo kwenye weupe wake, na mtoto huyasugua kwa ngumi mchana kutwa, hasa vumbi likizidi. Mtoto wa namna hiyo asivishwe lenzi kabla mzio haujatibiwa na kutulia. Kuna zaidi: kusugua macho kwa miaka kunahusishwa na ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka kama pia, na mwanzoni ugonjwa huo hujificha kama kutoona mbali kwa kawaida kunakobadilika haraka. Konea hiyo haitakiwi kuwekewa lenzi ya kuibapa. Njia ya kuugundua mapema ni kupiga ramani ya konea kwa mashine. Kwa hiyo duka la miwani lenye mashine ya kupima nguvu ya lenzi tu, hata likiwa na jina kubwa na vioo vya kung'aa, halitoshi kwa kazi hii.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha mambo manne yamefanyika: nguvu ya macho imepimwa baada ya kuwekewa matone ya kupanua mboni, ramani ya konea imechukuliwa, urefu wa jicho umepimwa kwa milimita, na daktari amegeuza kope za mtoto kutafuta dalili za mzio. Omba nakala ya namba za urefu wa jicho, kwa mfano milimita 24.10 kulia na 24.05 kushoto, uziweke pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto akishaanza lenzi atasoma herufi zote ukutani, na kipimo cha miwani kitasema hana tatizo, hivyo urefu wa jicho ndio utakaokuambia kama tiba inafanya kazi.

Uliza pia bei hiyo inajumuisha nini. Lenzi hutengenezwa kwa vipimo vya jicho la mtoto mmoja na kwa kawaida hubadilishwa kila mwaka hivi. Kuna dawa za kusafishia za kila mwezi, kuna miadi mingi ya mwaka wa kwanza, na kuna lenzi itakayopotea au kupasuka, kwa maana itapotea. Uliza ni nani atakayepokea simu yako Jumapili usiku jicho likiwa jekundu. Jibu likisitasita, tafuta kliniki nyingine. Ukiona gharama au kazi yenyewe ni nzito kwa familia yako, si lazima ujilaumu, kwani zipo njia nyingine zenye ushahidi: miwani maalumu ya kupunguza kasi ya kurefuka kwa jicho, lenzi laini za mchana za kutupwa kila jioni, na matone ya atropini ya kipimo cha chini.

Usingizi

Lenzi huhitaji takriban saa 8 za macho kufumbwa, na hapa ndipo maisha ya Nairobi yanapogongana na tiba. Ikiwa basi la shule linapita langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto anatakiwa kuamka saa kumi na moja, na hivyo awe amelala saa tatu usiku, akiwa ameshavaa lenzi dakika 10 au 15 kabla. Hesabu ukirudi nyuma utaona kwamba kazi za shule ziishe na chakula kiliwe kabla ya saa mbili na nusu, katika jiji ambalo mzazi wa pili huenda bado yuko kwenye foleni ya Thika Road. Kama hilo haliwezekani kwa siku nyingi za wiki, ni afadhali kujua kabla ya kulipa. Mtoto anayelala kwa muda wa saa 5 au 6 tu ataona ukungu kufikia adhuhuri, na walimu watalalamika kabla yako.

Maji

Kosa kubwa kuliko yote ni kuiacha lenzi iguswe na maji. Katika maji ya bomba, ya tangi la juu ya paa, ya kisima na ya mtungi huishi amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Acanthamoeba, ambayo haimsumbui mtu akinywa wala akioga, lakini ikiingia kwenye konea kupitia lenzi husababisha kidonda chenye maumivu makali, kigumu kutibu, kinachoweza kuacha jicho na kovu la kudumu. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, kwa hiyo maji hukaa tangini au mtungini siku kadhaa, na hali huwa mbaya zaidi. Maji yaliyochemshwa si mbadala, kwa kuwa yakishapoa ndani ya jagi si safi tena kwa kiwango cha jicho. Ya chupa ya dukani pia hayafai. Suuza lenzi kwa maji ya chumvi ya tiba yaliyofungwa viwandani au kwa dawa ya lenzi tu. Chumvi ya jikoni ndani ya maji isifikiriwe kabisa, wala mate.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya kawaida, hiyo ni sawa, ila ikaushwe kabisa kwa karatasi safi isiyoacha nyuzi kabla ya kugusa lenzi. Mkono wenye matone ya maji ni sawa na lenzi iliyochovywa bombani.

Kuvaa

Funga tundu la sinki au, vizuri zaidi, kaeni mezani juu ya taulo jeupe chini ya taa yenye mwanga wa kutosha, na uweke tochi iliyochajiwa karibu kwa ajili ya siku umeme utakapokatika katikati ya shughuli. Kata kucha zako fupi. Anza na jicho la kulia kila siku bila kubadilisha, kwa maana lenzi mbili hazilingani hata kama zinafanana. Mara nyingi hutengenezwa kwa rangi mbili tofauti ili kuzuia mkanganyiko.

Itoe lenzi kwenye kikopo, isuuze, na uitazame dhidi ya mwanga kama ina ufa, ukingo uliovunjika au uchafu. Iweke kwenye ncha ya kidole cha shahada kama bakuli, uijaze matone ya kulainisha macho yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kisha mtoto ainamishe uso chini hadi uelekee mezani. Kwa mkono mmoja shika kope ya juu kwenye mizizi ya nywele zake, kwa kidole cha mkono mwingine vuta ya chini, na uinue lenzi moja kwa moja hadi iguse katikati ya jicho. Kuinama ndiko kunakozuia matone kumwagika na kiputo cha hewa kunaswa chini ya lenzi. Ukiona kiputo, itoe na uanze upya, kwa sababu kiputo kikikaa katikati usiku kucha huacha alama kwenye konea na mtoto huona vibaya kesho yake. Kisha mtoto aende kulala, si kutazama televisheni, kwa maana macho yakikaa wazi na lenzi hukauka na kukereka.

Kutoa asubuhi

Hapa haraka ya basi la shule ndiyo adui. Lenzi iliyolaliwa huwa imeganda kidogo kwenye konea, na kuing'oa ikiwa hivyo kunaweza kuchubua tabaka la juu. Weka matone mawili au matatu ya kulainisha, subiri dakika chache, na umwambie mtoto apepese. Tazama kwa makini: lenzi ikiteleza kidogo kila anapopepesa, iko tayari. Isipoteleza, ongeza matone, kisha kwa kope ya chini bonyeza taratibu weupe wa jicho ulio chini tu ya ukingo wa lenzi, mtoto akiangalia juu. Baadaye fanya vivyo hivyo kwa kope ya juu akiangalia chini. Hewa na machozi vikiingia, lenzi huachia.

Ukitumia kifyonzi kidogo cha mpira, kibandike karibu na ukingo wa lenzi, si katikati, na uvute ukiinamisha pembeni. Usikibandike kabla hujaiona lenzi ikitembea, na usikibandike kamwe jichoni kabla ya kuwa na hakika kwamba lenzi imo ndani. Mtoto mkubwa anaweza kufundishwa kuitoa kwa kope peke yake, lakini mimi ningeendelea kumsimamia hadi afike angalau miaka 12, hata akiwa mwerevu kiasi gani. Dada wa kazi akisaidia siku usipokuwepo, naye afundishwe kliniki kama ulivyofundishwa wewe, asielekezwe kwa simu.

Kusafisha

Weka lenzi kwenye kiganja, tone la dawa ya kusugulia, na uisugue taratibu kwa kidole. Ukiibana kati ya vidole viwili itapinda au kupasuka. Isuuze, kisha iloweke katika dawa iliyopendekezwa na kliniki. Dawa ya haidrojeni peroksaidi husafisha vizuri sana, lakini lazima ikae kwenye kikopo chake maalumu kwa saa 6 au zaidi ili ipoteze makali, na ikiingia jichoni kabla ya hapo huchoma vibaya. Asubuhi hadi jioni ni muda wa kutosha. Mabaki ya dawa yamwagwe kila siku, yasiongezewe mapya juu yake. Kikopo kisuuzwe kwa dawa, kifutwe, kiachwe wazi kikauke kikiwa kimeinamishwa, mbali na choo. Kikopo cha kawaida kibadilishwe kila mwezi au kama ulivyoelekezwa.

Wiki za kwanza

Anza shule zikifungwa, mkiwa nyumbani, na si wiki ya kwenda ushago. Kliniki nyingi hutaka kumwona mtoto asubuhi baada ya usiku wa kwanza, kisha baada ya wiki, mwezi, na miezi mitatu. Baada ya hapo kila miezi sita, na urefu wa jicho upimwe tena. Mabadiliko makubwa huonekana usiku wa kwanza, lakini uoni kamili wa siku nzima huchukua wiki moja hadi mbili. Katika kipindi hicho miwani ya zamani huwa kali mno, kwa hiyo uliza mapema mtoto atatumia nini mchana. Akisema anaona pete kuzunguka taa za magari usiku, hilo hutarajiwa na mara nyingi hupungua. Akiona vitu viwiliviwili mchana, pengine lenzi inakaa kando, na inatakiwa kurekebishwa.

Siku ya kutovaa

Mtoto akiwa na homa, mafua makali au macho mekundu, asivae. Maumivu, wekundu, kuumizwa na mwanga, uchafu unaotoka jichoni, uoni uliofifia au doa jeupe kwenye konea ni dharura ya siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Mpeleke kwa daktari wa macho, ukibeba lenzi na kikopo chake ili vipimwe kama kuna vijidudu. Usipitie kemisti kununua matone, kwa maana baadhi ya yanayouzwa kwa macho mekundu yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi juu ya kidonda cha konea chenye vijidudu huweza kukifanya kienee huku wekundu ukipungua na kukudanganya. Maziwa ya mama na dawa za mitishamba visiingie jichoni.

Hatari hiyo ni ndogo lakini ipo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulikadiria maambukizi ya konea kuwa kama 14 kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya hatari hiyo hutegemea mambo yaliyoelezwa hapo juu kuhusu mikono, maji na kikopo, ambayo yako mikononi mwako.

Bweni, michezo na kuacha

Mtoto anayeogelea anafaidika, kwa kuwa mchana hana lenzi wala miwani. Aendelee pia kucheza nje. Saa 2 za mwanga wa nje kila siku husaidia kuchelewesha kuanza kwa tatizo hili kwa ndugu zake wadogo ambao bado wanaona vizuri, na jua letu halihitaji kulipiwa.

Shule ya bweni ni suala jingine. Bweni lenye watoto wengi, maji ya mgao, kengele ya alfajiri na sanduku moja la vitu vyote si mahali pa lenzi za usiku, na kwa maoni yangu mtoto anayetarajiwa kwenda bweni mwaka ujao aanzishwe njia nyingine sasa. Usimwachishe ghafla bila mpango, kwa sababu utafiti mwingine wa Hong Kong, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba macho ya watoto walioacha kabla ya miaka 14 yalirefuka kwa kasi zaidi katika kipindi walichokuwa bila lenzi. Zungumza na daktari kuhusu kitakachochukua nafasi yake, kama vile miwani maalumu au atropini. Ukishaacha, usikate miwani mipya wiki hiyohiyo; subiri wiki mbili au tatu, upige ramani ya konea tena, na ikiwa imerudia umbo lake la kwanza ndipo mtoto apimwe na miwani iagizwe.